Wingu Lina Anwani

Watu husema vitu vyao viko winguni.
Mimi msoma mita wa kampuni ya joto
nalijua wingu hilo: lina uzio, lina geti,
lina sanduku la barua lisilopata barua.
Liko Kallioranta, Ufini, mwisho wa Barabara ya Kinu,
pale karatasi ilipokuwa ikizaliwa.

Bibi Hilkka Paananen alinionyesha kwa kidole,
pazia limefunuliwa upana wa jicho:
"Pale ndipo Rauno wangu alipoacha ncha ya kidole cha shahada,
mwaka wa sabini na nne, mashine namba tatu.
King'ora kimoja, watu mia sita wanatoka.
Siku hizi wanatoka wangapi?"
Thelathini na wanane, nikamwambia, pamoja na wafagizi.
"Na wanatengeneza nini?"

Hapo nikakwama.
Karatasi uliweza kuishika, kuinusa, kufungia samaki.
Nimwambieje kwamba kijana wa Lisbon
ananunua viatu usiku wa manane,
na neno "ndiyo" la benki yake linapita hapa, halikai hata pumzi moja;
kwamba daktari wa Riga anafungua picha ya pafu,
na mwenye duka la vitambaa anahesabu mauzo akiwa kitandani;
kwamba hayo yote, kabla hayajawa fedha, ni umeme,
na umeme ukishatumika ni joto,
na joto la seva elfu kadhaa halina pa kwenda
ila kwetu?

Nikamwonyesha bomba.
Maji hutoka kule yamechemka, yanapita chini ya theluji,
yanapanda jikoni kwake, yanaingia kwenye redieta
yenye soksi mbili juu yake na paka.

"Basi wanaonipasha moto ni wageni."
Ni wageni.
"Wanajua?"
Hawajui.
Akamsogeza paka, akaiwekea redieta kiganja
kama anayepima homa ya mtoto wa jirani.

Mwezi Machi tawi la benki lilifungwa.
Mlangoni waliacha tangazo: tumehamia mtandaoni.
Hilkka akachukua daftari lake la akiba,
akatembea hadi wingu lilipo, theluji magotini,
akabonyeza kengele.
Mlinzi, Aleksi, akamwuliza anamtafuta nani.
"Pesa zangu."
Aleksi alimpa kahawa. Hakuwa na kingine cha kumpa.
Nyuma ya ukuta feni zilivuma,
na pengine pesa zake zilikuwemo humo kweli,
hatua ishirini kutoka kikombe chake,
ila hakuna mlango unaofunguka upande wa mwenyewe.

Kisha ikaja ile usiku ya Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Saa kumi alfajiri simu yangu ya dharura ikalia.
"Redieta imepoteza homa," akasema Hilkka.
"Wageni wangu wamepatwa na nini?"
Nikafungua mtandao: kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Mahali fulani teksi ilikataa kadi,
mahali fulani mshahara ulikwama katikati ya safari,
na uchumi mzima ukasimama kwa mguu mmoja kama korongo.
Wataalamu wa nchi tatu walikuwa bado wanaulizana.
Bibi wa miaka themanini na moja, asiye na simu janja,
alishajua kwa kiganja.

Kulipopambazuka bomba liligonga mara tatu.
"Wamerudi," akasema,
akatandika soksi upya.

Nami nikapiga magoti mbele ya mita yake kuukuu,
mojawapo ya kumi na saba ambazo bado zinataka macho ya mtu,
nikaiandika namba kwenye kimashine changu.
Namba ikaruka. Ikaenda palepale, Barabara ya Kinu,
ikahesabiwa, ikachemka kidogo, tone la joto lisilopimika,
nalo likaanza kurudi kwake chini ya theluji.

Bili itafika tarehe kumi na tano.